Oveni Niliyoifuta kwenye Barua

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuifuta oveni.

Baridi ya mwaka 1998, hita za jengo letu pale Adelphi, Marekani, zilizima, na mwenye jengo hakupokea simu. Jirani yangu, mama wa Kizanzibari mwenye watoto wawili, akaniomba nimwandikie barua mbunge wetu katika bunge la jimbo la Maryland. Sheria sikuisomea chuoni. Nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya maktaba, kwa hiyo niliogopa kila nukta. Barua ile niliiandika upya mara tisa. Mama alikuwa ameniambia anawasha oveni, anaacha mlango wake wazi, watoto wanakaa mbele yake na madaftari ya shule. Hilo nililiondoa. Niliona aibu, tutaonekana washamba. Mahali pake nikajaza vifungu vya sheria.

Jumamosi tukaipeleka pamoja ofisini kwa mbunge, chumba kimoja juu ya duka la viatu. Kabla ya kuchaguliwa alikuwa wakili wa wapangaji kwa miaka mingi. Aliisoma mara mbili.

"Vifungu ni sahihi," alisema. "Lakini huyu mama simwoni humu. Mwulize, watoto wanaota joto wapi?"

Nikatafsiri. Jirani akanigeukia.

"Kwani habari ya oveni hukuiandika, mwanangu? Sasa kurasa tatu zote hizi umejaza nini, hotuba ya rais?"

Nikamweleza mbunge.

"Oveni ya gesi?"

"Ndiyo."

"Hewa yake inaweza kuua," alisema, akanyanyua simu, akampigia mkaguzi wa nyumba wa kaunti. Hakupandisha sauti. Watoto wawili, gesi, mlango wazi, leo hii. Basi. Sijawahi kuona maneno machache yakibeba uzito ule.

Tukisubiri jibu la mkaguzi, nilithubutu kumwuliza kwa nini aliacha uwakili.

"Mahakamani nilikuwa naokoa nyumba moja moja," alisema. "Bungeni, sheria ikipita, inaokoa jengo zima. Ila kazi ni ileile: mtu aseme kilichompata."

Mkaguzi alikuja alasiri ileile. Jumatatu hita ziliwaka, na watoto wakarudi kusomea mezani.

Bado naandikia watu barua, na bado naogopa kila nukta. Lakini sasa naanza na maneno yao kama walivyoyasema, na sipeleki barua kabla sijawasomea.