Hoteli ya Babu Iliyopigwa Alama ya Kosa

Harufu ya maandazi ya iliki hunirudisha Lugoba, kando ya barabara kuu, kwenye hoteli ya marehemu babu. Ilikuwa nyumba ndefu yenye baraza la mviringo na sakafu nyekundu, iliyojengwa kabla ya Uhuru. Mabasi ya Tanga yalisimama pale, abiria wakashuka wakijinyoosha kama paka.

Siku moja nilitoka shule nikakuta ukutani alama kubwa ya X, nyekundu, rangi bado inachuruzika. Nilikuwa darasa la pili, na alama ile niliijua vizuri mno kwenye daftari langu la hesabu.

"Shangazi, hoteli imekosa nini?" nilimwuliza Shangazi Mwanaidi, aliyeiendesha tangu babu afariki.

"Haijakosa kitu. Barabara inapanuliwa, na sisi tumo kwenye hifadhi yake."

Hifadhi! Mwalimu alitufundisha kwamba kilichomo hifadhini hakiguswi. Basi nikatulia kabisa, hata nilipoona meza zinatolewa na masufuria yanahamishiwa kwa jirani. Niliwashangaa watu wazima waliokuwa wakinong'ona.

Asubuhi tingatinga lilipofika, watu walijaa ng'ambo ya barabara. Shangazi akaingia ndani na ndoo na tambara, akapiga magoti, akaanza kupiga deki. Kona kwa kona, chini ya dirisha, nyuma ya mlango.

Dereva akachungulia. "Mama shikamoo. Tunavunja sasa hivi."

"Marahaba, mwanangu. Najua. Subiri ikauke."

Dereva akazima mtambo. Watu wakaanza kucheka; mmoja akasema Bi Mwanaidi kachanganyikiwa. Nami nikacheka, kwa kuwa wote walicheka, kisha nikajikuta nalia, sijui nalilia nini. Kufika adhuhuri palibaki kifusi.

Swali lile nilikaa nalo miaka. Nani husafisha kitu kinachokwenda kuvunjwa?

Mama yangu alipofariki, nilikuwa mtu mzima, nikaitwa ndani tumwoshe. Shangazi ndiye aliyeshika kata. Alimimina maji taratibu, akapitisha mkono nyuma ya masikio, katikati ya vidole, bila kuruka mahali, ilhali sote tulijua kwamba baada ya muda mfupi mwili ule utafukiwa udongoni. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Nilimtazama. Siku ile Lugoba, mbele ya shangazi yangu, nilikuwa nimecheka msibani.