Mikaratusi ya Baba

Ukiwaambia watu kwamba kwetu Malinya kuna shida ya maji, wanakucheka. Kakamega hii inayonyeshewa karibu kila jioni? Mvua hiyo ndiyo iliyotudanganya. Hakuna aliyefunga gata la kukinga mvua kwenye paa wala kununua tangi, maana chemchemi ilikuwa pale chini ya shamba letu na haikuwahi kutunyima.

Baba ndiye aliyepanda mikaratusi kuizunguka. Nguzo za stima zilikuwa zinatafutwa, na mti huo hupenda unyevu. Ulistawi kweli. Tulipomzika baba, miti ilikuwa imeipita nyumba kwa urefu, na maji tulikuwa tunayakinga kwa kikombe.

Majirani, waliochota hapo tangu wazaliwe, walimwomba mama aikate. Akakataa.

"Alikuwa anaongeanga nayo jioni," aliniambia. "Nikiikata nitabaki na nini?"

Nilikasirika. Mama ni mzee, na mto uliobaki uko mbali, tena umechafuliwa na matope ya wachimba dhahabu. Nikamsihi ahamie kwangu mjini. Akaniuliza kama mfereji wangu unatoa maji. Ploti za kupangisha zimejengwa hadi mlangoni kwangu, na mfereji hukohoa hewa tu.

Kiangazi kilichopita chemchemi ilikauka kabisa. Majirani wakaanza kupita langoni bila kusalimia, na hilo ndilo lililomuuma mama kuliko kiu. Akamwita mwenye msumeno. Miti ilipokuwa ikianguka alijifungia chumbani, na mimi nikakaa nje ya mlango nikimsikiliza akilia.

Lakini mkaratusi ukikatwa haufi. Mvua ziliporudi, visiki vilichipua. Sasa kila asubuhi mama hushuka kuvunja machipukizi kwa mikono, na maji bado hayajarudi.

Juzi nilishuka naye, nikiwa na panga na mtungi. Tulivunja na kukata hadi mgongo ukaniuma. Kisha nikaona kisiki kimoja, kilicho karibu kabisa na chemchemi, pale baba alipozoea kukaa. Machipukizi yake yalikuwa yamenifika kiunoni. Hayakuwa yameguswa hata mara moja.

Nikainua panga. Mama alikuwa amesimama kando yangu, ananitazama.

"Hicho wacha," akasema.

Nilikiacha. Tukapanda kurudi nyumbani, mtungi mtupu ukinigonga mguuni.