Herufi S

Kwenye karatasi za serikali aliitwa citoyen, yaani mwananchi, Lotika, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku Zaire nzima, lakini nyumbani Kisangani hata kuku walijua kwamba huyu ni Évariste. Mwaka 1986 alikuwa mwendesha kompyuta wa mradi mmoja wa kupambana na malale, ugonjwa wa usingizi. Mashine yenyewe ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na Évariste aliipangusa vumbi kwa upole ambao mkewe alikuwa anausikia tu.

Kazi yake kubwa ilikuwa ya Ijumaa: kunakili majina ya wagonjwa kutoka kwenye diski kwenda kwenye tepu, ili diski ikifa majina yabaki. Tepu zilikuwa tatu, zikipokezana, naye aliziita Babu, Baba na Mwana. Mashine iliuliza kwa Kifaransa: S au R? S ilikuwa sauver, kuhifadhi kwenye tepu. R ilikuwa restaurer, kurudisha kutoka kwenye tepu. Kwa miaka minne alibonyeza S. R hakuwahi kuigusa, wala hakuna aliyemwambia ajaribu.

Mwezi wa tano ulipokaribia, wafanyakazi wote walitakiwa kwenda kila Ijumaa kufanya mazoezi ya ngoma za sikukuu ya Chama, chama pekee cha nchi. Évariste alicheza, tena vizuri. Ubaya ni kwamba kabla ya kuondoka alitia sahihi daftarini kwamba amenakili, na hakuwa amenakili. Hivyo watu sitini na watatu wa Isangi, waliopimwa damu na kukutwa na ugonjwa, walikuwa wamenakiliwa mara moja tu, wakabaki kwenye diski na kwenye Mwana peke yake. Fomu zao za karatasi alikuwa amewagawia wauza karanga wafungie karanga. Kompyuta ipo, karatasi za nini?

Jumatatu moja dawa zilishuka kwa ndege uwanjani Bangboka, na Berthe, muuguzi wa mradi, akaja kuchukua orodha. Asubuhi hiyohiyo diski ilikuwa imekwaruza kama kisu kwenye sahani, ikanyamaza. Évariste akaweka diski mpya, tupu, kisha akafunga Mwana kwenye mashine. Nyuma ya tepu kulikuwa na pete ya plastiki. Ukiing'oa, tepu inasomwa tu, haiandikwi. Hakuing'oa.

"Tonton, utaweza kuokoa majina?" Berthe aliuliza, akimwita mjomba kwa heshima.

"Nitaokoa."

Kuokoa. Kwa Kifaransa cha kanisani kwake, neno hilo kila Jumapili ni sauver. Kidole kikabonyeza S kama kilivyozoea, na mashine, ambayo haijui kubisha, ikachukua utupu wa diski mpya ikauandika juu ya Mwana.

Alijua kabla tepu haijaacha kuzunguka.

"Courant ilikatika," alimwambia Berthe. "Imeharibu tepu yote."

Hakuna aliyebisha. Umeme wa mji ulishazoea kusingiziwa. Mkubwa wa mradi akaamua kwamba bila orodha hakuna safari, watu wa Isangi watapimwa upya, na vifaa vya kupimia vikachukua miezi minne kufika.

Katika miezi hiyo Évariste alinunua karanga kila siku. Alikunjua kila kifuko akitafuta mwandiko wa Berthe, hadi wenzake wakamtania kwamba kuna muuzaji amempendeza. Alipata fomu kumi na moja, zimelowa mafuta. Berthe angeweza kuondoka kesho yake na dawa za watu hao. Lakini wangemuuliza fomu zilifikaje sokoni, na baada ya hapo wangeuliza mengine. Akazificha chini ya godoro, akawa halali vizuri juu yake. Aibu ilimla, lakini woga ulikuwa na nguvu zaidi.

Vifaa vilipofika aliomba mwenyewe kwenda Isangi na Berthe. Fomu alizitia mfukoni, akijiambia kwamba atazitoa huko, wakati ukiwa mzuri. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Timothée, mzee aliyejifunzia Kiswahili kazini relini, Ubundu.

"Mutoto iko wapi, papa?" Berthe aliuliza.

"Claudine? Tulimuzika mwezi wa saba." Timothée alisema bila kupaza sauti. "Mulimuandika. Mukasema tungoje hapa, dawa itakuya. Tulingoja. Hata kwa bibi yake sikumupeleka, niliogopa mutakuya, mumukose."

Évariste alilijua jina hilo. Lilikuwa la nne katika fomu zilizokuwa mfukoni mwake.

"Papa, haikuwa courant," alisema. "Ni mimi nilifuta majina. Na fomu ya Claudine nilikuja kuipata mu soko. Nilikuwa nayo. Niliogopa kusema."

Berthe akageuka akamtazama kana kwamba hajawahi kumwona. Évariste alipofungua mdomo kuomba msamaha, mzee akamkatiza.

"Usiniombe kitu." Akamgeukia Berthe. "Alipata fomu mangapi, huyu mutu?"

"Kumi na moja," Évariste alijibu.

"Alors ile kumi ingine, majina iko nawe?"

"Iko."

Timothée akavaa viatu. "Nitakuonyesha manyumba yao. Lakini kwa kila mulango, kile umeniambia, utakisema wewe."

Wakaanza na jirani.