Madumu Yaliyorudi na Maziwa

Baba alizikwa Butiama siku ya Alhamisi, na Jumatatu iliyofuata mama alifungua duka. Majirani zetu wa Manyamanyama, hapa Bunda, walisema ana moyo mgumu. Nilifagia mbele ya mlango, nikamwaga maji vumbi lisipande, nikakaa juu ya mfuko wa chumvi kusubiri mteja.

Duka letu lilikuwa na kitu ambacho maduka ya jirani hayakuwa nacho. Gari la kiwanda cha mafuta ya pamba lilikuwa likitoka Musoma na kushusha mzigo mlangoni kwetu, bila kupitia kwa muuzaji wa jumla. Ili apewe nafasi hiyo, mama alikubali kukusanya madumu matupu na kuyarudisha kiwandani yajazwe tena. Walikuja wakapaka ukuta wetu rangi ya kijani, wakachora na jani. Sharti lilikuwa moja: dumu lisitiwe kitu kingine chochote, hata maji. Kuosha ni kazi yao. Wakala atakayeleta mzigo mchafu, uwakala umekwisha.

Nilisomea ununuzi na ugavi, Mwanza. Chuoni jambo hili tuliliita ushirikiano wa mzalishaji na muuzaji katika kutunza mazingira, na nililijibu vizuri kwenye mtihani. Nilipolikuta nyumbani nilianza maswali. Kwa nini jani lichorwe kwetu wakati masharti yametungwa kwao? Plastiki isipotupwa ziwani, sifa inakwenda kwa nani? Mama alinijibu, "Wewe uliza. Mimi nauza."

Walionunua kwa dumu wengi wao walikuwa akina mama wa Butiama, nyumbani kwao baba, wenye vibanda na wakaanga maandazi. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa anawapitia na kutuletea matupu Bunda. Yalikuja yakinuka mafuta tu. Kiwanda hakikuwahi kulalamika.

Wiki ya pili baada ya mazishi shangazi alikuja na pikapu ya kukodi. Niliposhika dumu la kwanza lilinivuta chini.

"Beba, msomi," alisema. "Au digrii haibebi?"

"Mbona mazito, shangazi?"

"Ulitaka waje mikono mitupu kwa mfiwa?"

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa mboga kwenye bakuli, bakuli linarudi na chochote, hata kama ni viazi viwili. Madumu ya mafuta hawakuyahesabu humo, maana yalikuwa ya kiwanda, na kiwanda hakina mgeni wala msiba. Baada ya mazishi waliyaona kwa jicho jingine. Sasa yalikuwa ya mjane. Wakatia maziwa ya mgando, wengine unga wa ulezi, wengine karanga.

Mama alifungua mfuniko mmoja baada ya mwingine, akaifunga tena.

"Wifi, kuna nini?" shangazi aliuliza.

"Hakuna kitu. Wape asante sana."

"Shangazi, haya yalitakiwa yaje ma..."

"Nyamaza," mama aliniambia, na shangazi akadhani nimekosa adabu.

Alipoondoka nilimwuliza mama kwa nini hakumwambia ukweli. Akasema, "Nimwambie nini? Kwamba kiwanda hakitaki pole yao?"

Nilifikiria kuyaficha, ila mzigo mpya ulikuwa unatolewa kwa kubadilishana na matupu, na hatukuwa na mengine. Kwa hiyo tuliyamimina maziwa kwenye ndoo na masufuria, tukawapa majirani, tukayaosha madumu kwa maji ya moto na majivu. Tukayasugua kwa mchanga na majani ya mlimao, tukayaanika mabatini. Mama akaniletea moja.

"Nusa."

"Sisikii kitu."

"Halinuki, au wewe ndiyo husikii?"

"Sijui, mama."

Nilikuwa sijui kweli. Tangu msibani chakula chote kilikuwa na ladha moja, na sabuni na samaki vilinijia sawasawa. Mama alikuwa na mafua ya kulia. Hivyo ndivyo tulivyopima mzigo wetu, pua mbili za nyumba yenye msiba.

Gari lilikuja. Afisa wa kiwanda alikuwa kijana wa rika langu. Alivua kofia, akampa mama mkono wa pole, akakaa naye kidogo kabla ya kugusa chochote. Kisha akaanza kunusa. La kwanza, la pili. La tatu alilirudia.

"Mama, hili lilikuwa na maziwa."

"Lilikuwa nayo."

"Na hili?"

"Hilo pia. Yote, baba. Mengine yalikuwa na unga."

Dereva akachungulia dirishani. "Bosi, si tupakie tu? Mama wa watu amefiwa."

"Nipakie, halafu? Mtu wa Makoko kule Musoma akaange samaki wake, jikoni kunuke mgando, aseme kiwanda kimeoza?"

Nikamwuliza kama walipopanga mpango wao waliwahi kuwauliza wanaorudisha madumu.

"Tulipanga na mawakala."

"Anayerudisha siyo wakala."

"Ndiyo maana wakala yupo, ndugu yangu. Awaambie."

Nilitafuta kosa katika jibu lake na sikuliona. Kosa la mama nalo sikuliona, wala la wanawake wa Butiama. Nilizoea ubishi uwe na mtu wa kushindwa. Pale kila mtu alikuwa amefanya sawa, na mzigo ulikuwa mchafu.

Alikwenda pembeni akapiga simu, akaongea sana, nadhani alituombea. Aliporudi alisema uwakala unahamia duka moja la Nyasura, hapa hapa Bunda. Mama akaitikia kwa kichwa, akawaambia chai ipo. Walikunywa wamesimama. Mafuta mapya yalikuwa bado juu ya gari, yamefunikwa turubai, yakaondoka nalo. Nilitegemea kwamba kwa hili angalau nitalia. Nilikusanya vikombe.

Wiki iliyofuata nilikuwa nimesimama mlangoni gari la kiwanda lilipopita bila kupunguza mwendo. Dereva alipiga honi kutusalimia. Ndani, mama alikuwa anampimia mteja mafuta aliyoyanunua Nyasura kwa bei ya watu wote.

"Leo hawashushi kwako?" mteja aliuliza.

"Hawashushi tena."

"Na haya siyo yale?"

"Ni yale yale," mama alisema, akiinamisha dumu taratibu. "Sogeza chupa, yatamwagika."