Chuo cha Karibu na Chuo cha Mbali

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu yake vyuo kumi na viwili vinavyofundisha uinjinia wa migodi, akaniuliza achague kipi. Nilicheka. Wakati wa Wabelgiji mimi nilikuwa na viwili tu, na hata hapo nilikosea.

Nililelewa Kasongo na bibi mzaa baba, maana mama alifariki nikiwa mdogo. Baba alikuwa akiosha mawe ya bati kwenye kambi ya migodi upande wa Kabambare. Siku moja ukuta wa shimo uliporomoka, ukawafunika wenzake, yeye akatoka na mguu mbovu. Alipokuja kwetu kupona nilimuuliza kwa nini udongo ulianguka. Akasema, "Muzungu wa migodi ndiye anajua." Basi na mimi nikataka kujua.

Bibi alikuwa Mwislamu wa swala tano, na shule iliyokuwapo ni ya mapadri. Alinipeleka hivyohivyo, kwa ahadi kwamba nitabatizwa. Kila mwaka padri alikuja kuuliza siku, na kila mwaka bibi alikuwa na jibu. Mpunga bado kuvunwa. Tuko na matanga. Mutoto iko na homa. Alijibu kwa adabu kabisa, huku anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, kisha akamfungia padri samaki wa mtoni Nyangwe kwenye jani la mgomba. Padri aliondoka na samaki, mimi nikabaki bila ubatizo. Darasani wakanipa jina la Kesho.

Nilipomaliza, mwalimu wa hesabu akaniita. Kulikuwa na chuo cha migodi cha mapadri, nusu siku kwa lori, ungerudi nyumbani kila likizo. Lakini walitaka karatasi ya ubatizo. Na kulikuwa na cha serikali, Katanga, ambako hawakuuliza dini. Lakini ni mbali mno, na wanafunzi wa kwetu walikaa hukohuko mpaka wamalize. Mwalimu alitaka jibu kabla ya Jumapili.

Bibi alinisikiliza huku anachambua mchele.

"Enda kwa mapadri," akasema. "Jina la ubatizo ni nguo tu, Mungu atakujua. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nimezeeka."

Sikumwamini, ndugu yangu. Mwanamke aliyempiga chenga padri miaka yote ile, leo anilegezee hivi hivi? Nilimjua bibi: sufuria ikiwa na chakula kidogo, alisema ameshiba ili sisi tule. Nikadhani ni yaleyale, anajinyima kwa ajili yangu. Nikaona heshima ni kumkatalia. Nikamwambia mwalimu Katanga. Bibi alisema, "Haya," akanikaangia karanga za safari.

Huko nilijifunza kwa nini udongo huanguka: maji hujikusanya nyuma ya ukuta, na ukuta umechimbwa wima mno. Nilimwandikia baba. Jibu lililokuja lilisema bibi amefariki, na arobaini yake imeshapita.

Niliporudi na cheti changu, jirani yetu mshonaji alinitolea shati jeupe kutoka sandukuni. Bibi ndiye aliyeleta kitambaa, wiki ileile niliyokuwa nachagua. Alikwenda kwa padri mwenyewe, kwa miguu, wakapanga siku ya ubatizo.

"Alifurahi sana," jirani akasema. "Alisema utakuwa unarudi kila likizo."

Kambi ya bati ilishafungwa, mashimo yameota miti. Mapadri wale wamekwenda, na asubuhi husikii tena michi ya sombe ikipokezana nyumba hadi nyumba. Watu wa Kasongo bado wananisifu kwamba sikuiuza dini yangu kwa ajili ya shule. Nawaacha waseme. Bibi aliniambia wazi anachotaka, kwa mara ya kwanza maishani mwake, nami nikajifanya namjua kuliko yeye.