Stata Haikuguswa

Inasemwa mtaani kwamba marehemu mume wangu, fundi umeme wa magari kwa miaka thelathini na moja, alimwibia mwenye lori stata nzima, ile mota ya kuwashia injini, akamfungia mbovu. Ni uongo. Siku ile nilikuwepo gereji, nimempelekea chakula.

Lori hilo kuukuu la dizeli likiwashwa lilisema "ta!" kisha kimya. Mume wangu hakukimbilia stata. Aliunganisha taa ndogo kati ya hasi ya betri na injini.

"Fundi, unalipima homa?" mwenye lori alicheka.

"Washa, bwana. Taa hii haitakiwi kuwaka; ikiwaka, umeme haurudi vizuri kwenye betri."

Ikawaka. Aliufuata waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, akaukuta umefungwa kwenye injini juu ya rangi nzito isiyopitisha umeme. Kiungo chake kilikuwa kimeviringishiwa mfuko wa plastiki unaonuka mkojo wa panya. Niliziba pua kwa kanga.

"Nani kafanya uchafu huu?"

Mwenye lori akakiri kuwa ni yeye. Alikuwa ameipaka injini yote rangi na kuunga waya kwa mikono yake mwenyewe. Rangi ilipokwanguliwa hapo penye waya na kiungo kufungwa upya, lori likanguruma mara moja.

Badala ya kuona haya, akaenda kumzulia mwenzake wizi. Kinyaa kitupu! Basi na ainame chini ya lori lake: rangi yake ileile bado imefunika bolti za stata, haina hata mkwaruzo. Stata hutokaje bila bolti kufunguliwa?

Wanangu wanabeba jina la baba yao. Nimemaliza, na mtu asije mlangoni kwangu kuniuliza zaidi.