Mguu Haufiki Kwenye Breki

Siku uvumilivu wangu ulipokatika, shemeji yangu alikuwa anapokea simu.

Alikuwa anakimbia nyuma ya kipikipiki cha mwanangu, mkono mmoja kashika keria, kama afanyavyo kila Jumamosi. Mie nilikuwa nimesimama juu ya ukingo wa machimbo ya kokoto, yale ya zamani yaliyoachwa upande wa Wazo, kanga nimejiziba puani kwa vumbi. Simu ikaita. Shemeji akaachia keria. Hakusita, hakuangalia mbele kuna nini. Akaweka simu sikioni: "Eeh braza, nipo machimboni huku, namfundisha dogo."

Dogo akaendelea peke yake. Hakujua kuwa kaachwa mpaka aliposikia sauti ya baba yake mdogo inabaki nyuma. Akapiga kelele, "Baba mdogo, nishike! Nishike!" Nikauona mguu wake wa kulia unashuka kutafuta breki, vidole vimenyooka, unarudi, unashuka tena, kama mtu anayepapasa ndala chini ya kitanda umeme ukiwa umekatika. Haufiki. Mtoto ana miaka tisa, mguu haufiki.

Kilichomsimamisha ni lundo la mchanga. Pembeni ya lile lundo, hatua chache tu, kuna shimo lililojaa maji ya mvua ambalo hakuna mtu anayejua kina chake. Kipikipiki kikazama mchangani, mtoto akaruka, akatua kwa tumbo. Vijana wote wa kijiwe cha bodaboda, ambao Jumamosi hujazana pale kuangalia watoto wakifundishwa, wakapiga makofi.

"Dogo kapaki!"

"Kapaki bila kuambiwa, huyo dereva!"

Nilishuka ule ukingo sijui vipi, ndala moja ikabaki juu. Nilipomfikia, helmeti ilikuwa imezunguka, uso uko ndani ya sponji, anapumua kama mtu aliyefunikwa mto. Nikamvua. Midomo yote mchanga. Hakuwa hata na mchubuko wa maana. Nikachomoa ufunguo wa pikipiki, nikautia kwenye sidiria.

"Haya," nikamwambia shemeji, "njoo uuchukue."

Shemeji ni shemeji. Pale hana ruhusa ya kupeleka hata jicho. Akasimama, simu bado iko sikioni, na yule wa upande wa pili nadhani alikuwa anaendelea kuongea.

"Shem," akasema, "utani una mipaka."

"Nani anayekutania?"

Mwenzake mmoja akapiga magoti kwenye kipikipiki, akaingiza mkono chini ya usukani, akavuta nyaya mbili, akazigusanisha. Kikawaka. Akaniangalia kwa upole kabisa, wala hakuwa na nia mbaya. "Ufunguo ni urembo tu, sista," akasema. Mtoto wa jirani akapanda, shemeji akashika keria, wakaanza upya.

Nikaondoka nimemshika mwanangu mkono, ufunguo unanichoma kifuani, mlio unanifuata mpaka barabarani.

Mtu asinielewe vibaya. Mie sijawahi kusema mtoto asijifunze pikipiki. Huku tunakokaa pikipiki ndiyo inayotupeleka hospitali, ndiyo inayoleta maji na kumtoa bibi harusi kwao. Mwanangu ataendesha tu, nipende nisipende, na nikimzuia leo, akifika darasa la saba ataazima ya mtu na kujifundisha barabarani kati ya malori. Kwa hiyo shemeji, mdogo wa mume wangu, alipoleta kile kipikipiki cha mtumba, kidogo kama mbuzi, na kusema atamfundisha mwenyewe, nilimshukuru. Nilimkaangia hadi samaki.

Kilikuja na breki zote mbili, ya mkononi mbele na ya mguuni nyuma. Kitu cha kwanza alichofanya shemeji ni kutoa koleo na kukata waya wa breki ya mbele.

"Unafanya nini?"

"Shem, hii ndiyo inayoua watu. Ukiikamata tu, imekubwaga, kichwa chini."

Nilidhani ni wazimu wake peke yake. Nikaenda kijiweni kwake kuuliza, na wenzake wakanionyesha pikipiki zao kwa fahari: huyu kalegeza waya, yule kautoa kabisa. Kila mmoja alifundishwa hivyo na aliyemfundisha. Nami siwezi kusema alifanya kwa ubaya. Anampenda yule mtoto. Alikata ule waya kama mtu anavyoondoa kisu mezani. Na hilo ndilo linalonimaliza nguvu, kwa sababu mtu mbaya ningejua la kumfanya.

"Sawa," nikamwambia, "ya mbele umeikata kwa sababu inabwaga. Ya nyuma mguu wa mtoto haufiki. Sasa breki yake ni ipi?"

Akajipiga kifua. "Breki yake ni mie."

Nikaenda kwa mume wangu. Yeye ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha. Nikamwambia, wewe unachomelea mageti ya watu mpaka Sinza, hebu niongezee kipande cha chuma kwenye ile pedeli ya breki, urefu wa kidole tu, mguu wa mwanao ufike. Akasema nitaiangalia. Nikamkumbusha. Akasema si nimekwambia nitaiangalia? Kwenye karakana yake kuna vipande vya chuma vimejaa ndoo, mie nimevifagia kwa mkono wangu.

Nikaenda kwa mama mkwe, nikijua ni mtu wa kusikilizwa na wanawe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umevimba uso?"

Nikamweleza yote. Akaendelea kuchambua mchele wake. "Mumeo alijifunza kuogelea kwa kutupwa baharini na babu yake. Alikufa?"

"Hakufa mama."

"Basi."

Lakini hakuniacha hivi hivi, aliitisha kikao. Tukakaa sebuleni, wakanisikiliza wote kwa heshima, wakatikisa vichwa, mpaka nikaamini nimeshinda. Wakakubaliana kwamba mama mtoto ana haki, usalama ni muhimu, na kwa hiyo mtoto atafutiwe helmeti. Shemeji akaleta ile ya abiria wake, ya kichwa cha mtu mzima, inanuka mafuta ya nywele za watu wasiojuana. Ilimcheza mtoto kichwani kama sufuria. Wakaniangalia. Nikaenda chumbani nikaleta taulo, nikalikunja, nikalitia ndani mwenyewe. Ningefanya nini? Nilikuwa nimeomba breki, nimepewa kofia, na kila mtu kaniambia ahsante mama umetukumbusha jambo la maana.

Sasa ile Jumamosi, jioni, mume wangu alirudi habari zikiwa zimeshamfikia. Swali lake la kwanza halikuwa mtoto yukoje.

"Hivi ufunguo umeutia wapi, mbele ya wale wahuni?"

Nikamwonyesha palepale ulipokuwa. Akatoka nje.

Mwanangu naye hakula. Nilikaa naye kitandani, nikamuuliza anaumwa wapi.

"Umeniaibisha," akasema. Kageukia ukutani. "Wenzangu wote wameniona nimeshikwa mkono na mama."

"Ungesimamaje, mwanangu? Mbele kulikuwa na shimo."

"Baba mdogo angenishika."

"Baba mdogo alikuwa anaongea na simu."

"Angenishika tu."

Hapo ndipo nilipoishiwa. Na mume ningegombana hata mwaka, na shemeji pia, lakini mtoto anayemwamini mtu kiasi hicho unamwambia nini? Nikimvunjia ile imani nimemuumiza, nikimwachia nayo atapanda tena. Na alishapanga kupanda, maana asubuhi yake aliniuliza kama Jumamosi nitaurudisha ufunguo, au wawashe kwa waya.

Kazi yangu ni kuchapa. Nina kibanda cha steshenari, natoa kopi, nachapia watu barua. Malalamiko ya mtaa wetu yote yamepita kwenye vidole vyangu: maji machafu ya jirani, spika za baa, mbuzi aliyekula mchicha wa mtu. Nazijua zile barua, na najua pia wenyewe wanavyorudi baadaye kuchapa ya kukumbushia, kisha ya kukumbushia ile ya kukumbushia. Hata hivyo Jumatatu nilifunga kibanda nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa, nimeshika kurasa zangu tatu. Sikuwa na mlango mwingine.

Mtendaji alizigeuza kurasa kuangalia nyuma, hakuzisoma. "Dada, mtoto ameumia wapi?"

"Hajaumia."

"Kagongwa na nani?"

"Hajagongwa."

Akavua miwani. "Sasa mie niandike nini hapa? Mwenyekiti atanicheka. Anayefundisha ni baba mdogo, baba mzazi karidhia. Haya mngeyamaliza nyumbani."

"Nyumbani nimeshatoka."

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi akisubiri barua ya utambulisho akadakia, "Mheshimiwa, mpe filimbi akasimame machimboni awe trafiki!" Benchi zima likacheka. Nikamwambia, "Shikamoo baba, na hiyo filimbi naitaka." Wakacheka zaidi, lakini sikuondoka. Nikatoa ufunguo nikauweka mezani, nikasema hiki ndicho kielelezo.

"Wa nini huu?"

"Wa hiyo pikipiki."

"Kwa hiyo si haiwaki tena? Tatizo limekwisha."

"Inawaka. Wanaunganisha nyaya."

"Basi huu ni kielelezo cha nini, dada yangu?"

Nikaurudisha kwenye pochi. Foleni ilikuwa inarefuka nyuma yangu, na nadhani ni foleni iliyonisaidia, siyo maneno yangu. Akanisukumia karatasi moja ya malalamiko, akasema jaza kwa kifupi, kurasa tatu hapa hazisomwi na mtu.

Mlalamikaji: mama wa mtoto.

Walalamikiwa: baba mdogo wa mtoto, na baba wa mtoto.

Kalamu ilikwama kidogo hapo kwa mume wangu, lakini nikaandika.

Lalamiko: kumfundisha mtoto wa miaka tisa kuendesha pikipiki ambayo haina breki anayoweza kuifikia, karibu na shimo la maji.

Ombi: sitaki mtu awekwe ndani, wala pikipiki ichukuliwe. Naomba ofisi iwaamuru walalamikiwa warudishe waya wa breki ya mbele kabla ya Jumamosi, na mtoto afundishwe kwanza kusimama, kwenda atajua baadaye.

Chini kabisa palikuwa na mstari wa madhara yaliyotokea. Mtendaji, mkono wake ukiwa tayari kwenye muhuri, akaniambia hapo andika hakuna, tumalize.

Nikaandika: bado.